Mgeni Dodoma, sina gari: mji huu nauanzia wapi?

Mgeni wa Ilazo: Wakuu, habari zenu. Kazi ni Mtumba, makazi Ilazo. Mji wenyewe nauona kupitia dirisha la daladala tu. Wikiendi niko huru, baiskeli ninayo. Nianzie wapi?

Mtaa kwa Mtaa: Karibu mkuu. Anza kwa miguu Nyerere Square saa 1 asubuhi, pita Uhindini, malizia Soko la Majengo. Ukichelewa hadi saa 5, jua linakuwa kali na vivuli ni vichache. Maji lita 2 kwa saa 3 si mengi. Siku hiyo kariri barabara 4 tu: ya Morogoro inaelekea mashariki, Singida magharibi, Arusha kaskazini, Iringa kusini. Ukijua uko kati ya zipi mbili, hupotei.

Baada ya hapo, kila wikiendi chagua ruti moja ya daladala. Panda hadi mwisho, kisha rudi kwa miguu vituo 3 au 4. Bajaji ya kukodi itakufikisha haraka, lakini hutajua umepita wapi. Ukikaribia Bunge, Ikulu au reli, simu ibaki mfukoni.

Fundi Baiskeli: Baiskeli inafaa, ila mbigiri! Viwanja vitupu vimejaa mbigiri na miiba ya migunga, kwa hiyo njia za mkato ndizo zinazotoboa tairi. Beba tyubu ya akiba, viraka, gundi na pampu. Upepo ukitoka polepole, usichomoe mwiba. Wenyewe unaziba tundu. Jaza upepo, endesha hadi kwa fundi.

Kiangazi upepo mkali hutoka mashariki. Nenda ukiukabili asubuhi wewe ungali na nguvu, urudi ukikusukuma. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, uogope makorongo: lililokuwa kavu asubuhi linaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, huku ulipo kukiwa na jua. Maji usiyoyaona chini, usiyavuke.

Mama Chamwino: Mwanangu, Jumamosi nenda mnada wa Msalato, barabara ya Arusha. Nyama patana kwa kilo ikiwa mbichi, ipimwe mbele yako, ndipo ichomwe. Ikishaiva imepungua uzito, hutajua umeuziwa kiasi gani. Wazee waamkie kwa Kigogo, “Mbukwenyi”. Hapo hata njia utaelekezwa vizuri zaidi. Na zabibu za Hombolo usizile shambani kabla ya kuziosha, mizabibu hupigwa dawa.

Mgeni wa Ilazo: Shikamoo mama, asanteni wote. Michoro ya kale ya miambani ya Kolo, naweza kwenda na kurudi siku moja?

Mtaa kwa Mtaa: Kwa basi ni kujibana. Kolo iko mbele ya Kondoa, na michoro iko kwenye miamba ya vilimani, si kando ya lami. Lala Kondoa, asubuhi ripoti ofisi ya Kolo upate mwongozaji. Vaa viatu vilivyofunikwa.