Tupeane uzoefu: siku mheshimiwa alipokuja kuwatunuku wazee wetu

Mtoto wa Mkunga

Ndugu zangu, jana nilikuwa nikifunga vitu vya mama kwa ajili ya kuhama nyumba, nikakikuta cheti chake kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana watoto wao. Cheti kinasema kwamba mbunge anatambua mchango wake uliotukuka katika afya ya mama na mtoto, na jina lake limekosewa herufi moja.

Nilibaki nimekishika huku siku ile yote ikinirudia. Wazee waliambiwa wafike saa mbili asubuhi, mheshimiwa akafika saa saba mchana, wasifu wa mama ukasomwa na mshereheshaji ambaye hakuwahi kumwona, kisha ikafuata hotuba ndefu ya kunadi bima ya afya kwa watu wasio na ajira rasmi. Mama alikuwa amezalisha wanawake wa pale kwa miaka ishirini na mitatu bila mshahara, na siku hiyo alipigiwa makofi kwa sababu hiyo hiyo. Wiki iliyofuata alikwenda kujiandikisha katika bima iliyonadiwa mbele yake, akajibiwa kwamba mhudumu wa kujitolea hayumo katika makundi yaliyoorodheshwa. Akarudi nyumbani, akakikunja cheti, na hatukukiona tena hadi jana.

Sidharau cheti, kwa maana siku ile mama alitabasamu kweli. Ninachotaka kujua ni kama kuna miongoni mwenu ambaye yeye au mzazi wake alitunukiwa, na programu iliyotangazwa siku hiyo ikamfikia.

Mwalimu wa Zamu

Hapo kwenye kusubiri umenikumbusha mbali. Wanafunzi wangu waliimba wimbo wa kumkaribisha mheshimiwa mara tatu, kwa kuwa magari mawili ya kwanza hayakuwa yake.

Mpiga Picha wa Hafla

Mimi nimezipiga picha hafla hizi kwa miaka mingi, na kuna jambo ambalo walio kwenye viti hawalioni. Katika hafla moja waliotunukiwa walikuwa kumi na mmoja, lakini fremu ya kioo ilikuwa moja tu. Kila mzee alikabidhiwa cheti kikiwa ndani ya fremu, akatazama kamera, akashuka jukwaani, na chini ya ngazi kijana wa itifaki alikuwa akimpokea, anaichomoa fremu, anamwachia karatasi. Bibi mmoja alikataa kuiachia. Walivutana naye kwa adabu kwa muda, mwishowe mheshimiwa mwenyewe akasema aachiwe, na wanane waliobaki wakapokea vyeti bila fremu. Picha ya mvutano ule ninayo, ila sijaitoa kwa mtu yeyote.

Msaidizi wa Zamani

Niliwahi kufanya kazi katika ofisi ya mbunge, kwa hiyo niruhusuni niseme upande wa pili kabla hamjawamaliza watu. Majina ya watunukiwa huombwa kwa viongozi wa mitaa siku chache kabla ya hafla, na mara nyingi orodha huletwa usiku wa kuamkia siku yenyewe, ikiwa imeandikwa kwa mkono. Anayechapa vyeti hana wa kumuuliza kama jina lina herufi moja au mbili. Kuhusu bima ya mama yake mwanzilishi wa mada, mbunge hana kalamu ya kumwingiza mtu kwenye programu. Kazi yake ni kupitisha sheria na bajeti na kuihoji serikali, ilhali vigezo vya nani anastahili huwekwa kwenye kanuni, na kanuni husainiwa na waziri. Mbunge anaweza kuinadi programu kwa moyo mweupe bila kuzijua kanuni zake vizuri.

Sina Chama

Kama hazijui kanuni zake, anainadi kwa nini? Muuza dawa asiyejua kipimo tunamwitaje?

Tena tuliweke wazi: fedha za programu hizi ni kodi. Kenya walitunga sheria ya mfuko wa maendeleo ya majimbo mwaka 2003, Tanzania ikafuata na ya kwake mwaka 2009, ambapo mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati ya mfuko katika jimbo lake. Tangu hapo mwananchi akiona darasa limepauliwa anasema mbunge katujengea. Mahakama ya Juu ya Kenya, mwezi Agosti 2022, ilitamka kwamba sheria ya mfuko huo iliyotungwa mwaka 2013 ilikwenda kinyume cha Katiba, na sehemu ya hoja ilikuwa hiyo hiyo, kwamba mtunga sheria na msimamizi wa fedha hawapaswi kuwa mtu mmoja. Sasa mtu huyo huyo anapogawa na vyeti, mzee anashindwa kujua kama anashukuriwa au anaombwa kura.

Msaidizi wa Zamani

Ndugu Sina Chama, umehama mada. Tunazungumzia cheti cha mkunga, wewe umetupeleka mahakamani.

Sina Chama

Sijahama. Wewe ndiye uliyemleta waziri.

Karani Mstaafu

Wanangu, punguzeni moto. Programu kunadiwa kwa kupitia uso wa mwananchi mmoja si jambo la leo. Marekani walipopitisha sheria yao ya hifadhi ya jamii mwaka 1935, wengi hawakuamini kwamba fedha zitakuja kulipwa. Tarehe 31 Januari 1940 ikatolewa hundi ya kwanza ya malipo ya kila mwezi, yenye namba 00-000-001, kwa Ida May Fuller wa Vermont, aliyekuwa karani wa mawakili, kwa kiasi cha dola 22 na senti 54. Alikuwa amechangia dola 24 na senti 75 tu katika miaka mitatu, naye akaishi hadi miaka 100, na jumla ya malipo aliyopokea ilipita dola 22,000. Jina lake likazunguka nchi nzima, na liliishawishi nchi kuliko hotuba yoyote, kwa sababu fedha zilikuwa zimekwisha kumfikia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na hafla zetu. Kwa Bi. Fuller malipo yalitangulia, sifa zikafuata. Mkunga wetu alipewa sifa kwanza, halafu malipo yakapotelea njiani. Nilikaa dirishani kwa miaka mingi nikiwahudumia wazee wa namna hiyo, na nakiri kwamba wapo niliowarudisha kwa kukosa karatasi moja, nikijua fika kwamba wanastahili.

Binti wa Mwisho

Sikukusudia kuandika, lakini maneno ya Karani Mstaafu yamenigusa mahali penye kidonda.

Baba yangu alikilinda chanzo cha maji cha pale kwetu kwa karibu miaka thelathini. Alipanda miti kukizunguka, alifukuza mifugo, na aligombana na majirani waliotaka kulima hadi kwenye chemchemi. Siku moja mjumbe alipita nyumbani na kumwambia mama kwamba familia yetu inahitajika kwenye hafla ya mheshimiwa, na kwamba tukae viti vya mbele. Hakufafanua zaidi. Baba alikuwa shambani. Aliporudi alifurahi sana, akaomba koti lake linyooshwe.

Siku hiyo mheshimiwa alikuja kueleza posho ya wazee: nani anaipata, inalipwa lini, na namna ambavyo yeye na wenzake waliipigania katika bajeti. Baada ya hotuba ikaja zamu ya kuwatambua wananchi waliojitolea. Mshereheshaji akasoma wasifu mzuri wa mtu aliyelinda maji, kisha akasema, “Naomba tusimame kwa dakika moja kumkumbuka marehemu mzee wetu,” akalitaja jina la baba.

Watu wote walisimama. Baba naye akasimama na kuvua kofia, kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito na hakulisikia jina. Akaniinamia na kuninong’oneza, “Amefariki nani?”

Nilimjibu, “Ni wewe, baba.”

Hakusema kitu. Aliishika kofia kifuani hadi dakika ikaisha. Familia ilipoitwa kupokea cheti, mama alikataa kunyanyuka. Alisema kwamba akikipokea atakuwa amekubali. Basi baba akaenda mwenyewe, polepole, na kadiri alivyolikaribia jukwaa ndivyo waliomfahamu walivyoanza kupiga kelele, wengine kwa kicheko, na kuna mama mmoja alikimbia kabisa. Mheshimiwa hakuelewa hadi diwani alipomnong’oneza. Baba alikipokea cheti, akakisoma lile neno “Marehemu” lililochapwa kwa herufi kubwa, kisha akaomba kipaza sauti na kusema, “Mheshimiwa, ahsante. Kumbe ndiyo maana posho yangu imekatika tangu miezi saba iliyopita.”

Turubai lote lilinyamaza.

Tulikuja kuelewa baadaye kwamba majina yalichukuliwa kwenye daftari la wanufaika wa posho. Wakati wa uhakiki baba alikuwa mgonjwa na hakufika, na kwa kuwa mzee mwingine mwenye majina kama yake alikuwa amefariki, mwandishi akamfuta asiyestahili kufutwa. Kurekebisha kulichukua miezi minne. Alitakiwa kuwa na barua ya serikali ya mtaa, hati ya kiapo ya kuthibitisha kwamba yu hai, na kufika yeye mwenyewe mbele ya ofisa, ambaye alimtazama, akaikagua hati, akamtazama tena, kisha akauliza kama hati ina muhuri. Miezi saba ya nyuma haikulipwa hadi leo.

Mwalimu wa Zamu

Nimesoma mara mbili. Hilo swali la “Amefariki nani?” litanikesha usiku wa leo.

Naomba Ufafanuzi

Samahani dada, lakini hadithi hii ina tundu. Diwani alikuwepo, mjumbe alikuwepo, na wote walimfahamu mzee. Iweje hakuna aliyelisoma jina hilo kabla?

Binti wa Mwisho

Mjumbe aliambiwa kwa mdomo tu kwamba familia fulani ihudhurie. Diwani aliketi meza kuu, na orodha ilikuwa mkononi mwa mshereheshaji, aliyetoka mjini na kipaza sauti chake. Kama unadhani nimetunga kifo cha baba yangu, sina la kukujibu.

Msaidizi wa Zamani

Naomba Ufafanuzi, ningekuwa wewe ningemwomba radhi. Nilikwisha kusema kwamba orodha huletwa usiku. Kwa namna nilivyoijua kazi ile, hilo linaweza kutokea kabisa, na nasikitika kulisema.

Naomba Ufafanuzi

Naomba radhi. Niliuliza kwa kuwa nami nina mzee nyumbani, na sasa nimeingiwa na hofu ya kwenda kuangalia kama yu hai kwenye daftari.

Karani Mstaafu

Nenda, tena usisubiri hafla. Mzee asipofika siku ya uhakiki, familia itoe taarifa kwa maandishi siku hiyo hiyo na ibaki na nakala yenye muhuri, kwa sababu kutofika na kufariki huonekana sawa kwenye karatasi. Halafu ulizeni kigezo kabla ya kupanga foleni. Zanzibar, kwa mfano, ilipoanza Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, kigezo kikuu kilikuwa kutimiza miaka 70, bila kupima umaskini wa mtu. Kwingine kaya hupimwa kwanza. Mzee asiyejua kigezo hukataliwa na yeyote aliye dirishani.

Sina Chama

Mimi nasema ukishaitwa jukwaani, usishuke mpaka shida yako isemwe kwenye kipaza sauti. Mzee yule alipata kwa sababu alisema hadharani.

Mpiga Picha wa Hafla

Simshauri mtu jambo hilo. Niliwahi kumwona mama aliyefanya hivyo, na kipaza sauti kilizimwa kabla hajamaliza sentensi ya pili. Bora amshike katibu wa mbunge baada ya hafla, wakati wa kuagana, kwa kuwa ndiye anayeandika. Na mwenye kiti chake aende nacho.

Msaidizi wa Zamani

Katibu hana nguvu hiyo mnayomdhania. Nendeni ofisi ya ustawi wa jamii.

Karani Mstaafu

Ustawi wa jamii watawarudisha kwa barua ya mtaa. Anzeni mtaani.

Mwalimu wa Zamu

Mtoto wa Mkunga, kwa nini usirudi na cheti chenyewe kwenye bima? Kimesainiwa na mbunge, na kinasema wazi kwamba mama alikuwa mhudumu wa afya.

Karani Mstaafu

Asithubutu kabla ya kulirekebisha jina. Herufi moja ikitofautiana na kitambulisho, watamwambia kwamba aliyetunukiwa ni mtu mwingine, na ataombwa hati ya kiapo kama mzee wa watu.

Naomba Ufafanuzi

Binti wa Mwisho, cheti cha baba mlikifanyaje?

Binti wa Mwisho

Baba alikataa kuchapiwa kingine. Alichukua kalamu, akalikata neno “Marehemu” kwa mstari mmoja ulionyooka, akasaini pembeni kama wanavyofanya benki, na kukitundika sebuleni. Aliishi miaka mitatu zaidi. Alipofariki kweli tulitoa taarifa wiki hiyo hiyo, lakini posho iliendelea kuingia kwa miezi miwili, na tuliirudisha tukiwa na stakabadhi.

Mtoto wa Mkunga

Nimemsomea mama mada yote hii jioni hii. Alicheka kwenye fremu, akanyamaza kwenye koti lililonyooshwa. Amekitoa cheti kwenye nailoni na sasa kimelaliwa na vitabu viwili vizito ili mikunjo inyooke. Anamuuliza Binti wa Mwisho kama kalamu aliyotumia baba ilikuwa ya wino wa bluu au mweusi, kwa kuwa naye ana herufi moja ya kukata.