Njia ya Dkt. Asha-Rose Migiro: kutoka sheria hadi ubalozi, inafuatika?

Mwanachuo_Mlimani:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Dkt. Migiro wa Tanzania alianzia sheria, akawa waziri, akaenda Umoja wa Mataifa (UN) kuwa Naibu Katibu Mkuu, kisha balozi London. Mwenye LLB (shahada ya kwanza ya sheria) anayeutaka ubalozi aanzie wapi: uwakili, Ofisi ya Mwanasheria Mkuu au Chuo cha Diplomasia? Na kule UN alipigiwa kura?

Ibara_ya_55:
Mkuu, ngazi zake hazikupitia mahakamani. LLB na LLM (shahada ya uzamili) ni za Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, PhD aliichukua Konstanz, Ujerumani, 1992, kisha akabaki kufundisha na kuongoza idara pale Kitivo cha Sheria. Kilichomtoa darasani ni ubunge wa viti maalum mwaka 2000. Hapo ndipo penye bawaba ya mlango: Ibara ya 55(4) ya Katiba ya Tanzania inataka mawaziri wote watoke miongoni mwa wabunge. Bila kiti Bungeni, hata uwe na PhD tatu, huapishwi. Akapewa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia na Watoto, na Januari 2006 Mambo ya Nje, mwanamke wa kwanza kuishika wizara hiyo.

Angalia aliporudi nyumbani. Alipotakiwa kuwa Waziri wa Katiba na Sheria Januari 2014 hakuwa mbunge, kwa hiyo Rais Kikwete alianza kumteua kuwa mbunge kwa zile nafasi 10 za Ibara ya 66(1)(e), uwaziri ukafuata. Ukisikia mtu kateuliwa ubunge ghafla katikati ya muhula, kaa mkao wa kusubiri baraza jipya.

Kurasini_Gate:
La UN: hakuna kura. Anayepatikana kwa Baraza la Usalama kupendekeza na Baraza Kuu kuridhia ni Katibu Mkuu peke yake. Cheo cha Naibu kiliundwa na Baraza Kuu mwishoni mwa 1997, na mwenye kukijaza ni Katibu Mkuu, baada ya kushauriana na nchi wanachama. Ban Ki-moon alimtangaza Migiro Januari 2007, akaanza kazi Februari. Alikuwa wa tatu, baada ya Louise Fréchette na Mark Malloch Brown, akatoka katikati ya 2012. Uwaziri ilibidi auache (Bernard Membe akaushika), kwani Ibara ya 100 ya Mkataba wa UN inamkataza mtumishi wake kupokea maagizo ya serikali yoyote, yake ikiwemo.

Sasa ubalozi. Rais akishateua, jina linapelekwa kimyakimya kwa nchi mwenyeji kuomba ridhaa. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, Ibara ya 4, unairuhusu nchi hiyo kukataa bila kutoa sababu. Kwa kawaida hawakuandikii "hapana". Wanakaa kimya mpaka uelewe mwenyewe. Ndiyo maana kulitaja jina la kituo hadharani kabla ya ridhaa ni kujitafutia aibu. Ridhaa ikija, balozi anasafiri na hati za utambulisho, na ukubwa kati ya mabalozi wa daraja moja unahesabiwa kwa tarehe na saa ya kuanza kazi, siyo kwa umri wala ukubwa wa nchi.

Mwanachuo_Mlimani:
Asante sana. Kwa hiyo uwakili hauna maana?

Ibara_ya_55:
Una maana, ila tofautisha maneno. Mwenye LLB ni mwanasheria. Wakili ni aliyepita Law School pale Dar (shule ya mafunzo ya uwakili baada ya LLB), akaapishwa na Jaji Mkuu na jina lake likaingia kwenye orodha ya mawakili. Ukijaza "wakili" kwenye CV kabla ya hapo unajiharibia mwenyewe. Na Law School usiichukulie mzaha: matokeo yaliyozua kelele 2022 yalikuwa na watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wenye sapu (wa kurudia baadhi ya mitihani) 342, walioondolewa 265. Anayeutaka Uanasheria Mkuu wa Serikali huko mbele hana njia ya kukwepa, Ibara ya 59 inadai sifa ya uwakili kwa miaka isiyopungua 15.

Kurasini_Gate:
Na usimwige Migiro peke yake. Marehemu Mark Bomani alikuwa Mwanasheria Mkuu 1965 hadi 1976, baadaye akafanya kazi za UN kuhusu Namibia, kisha akawa msaidizi wa Mwalimu, na baada yake Mandela, kwenye usuluhishi wa Burundi. Huyo alifika kwenye diplomasia kwa kalamu ya sheria yenyewe.

Asiye na kiti wala jina aombe uafisa mambo ya nje kupitia Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi za serikali. Stashahada ya uzamili ya Chuo cha Diplomasia, Kurasini, inasaidia, Kifaransa au Kiarabu kinasaidia zaidi. Utaanza kwa kuandika muhtasari wa vikao na kusahihisha rasimu za hati za makubaliano, na hapo LLB inaonekana: anayegundua kwamba "shall" (lazima) kwenye rasimu ya Kiingereza imegeuka "inaweza" kwenye ile ya Kiswahili ndiye ataitwa tena kesho.

Mwanachuo_Mlimani:
Nimeelewa wakuu. Naanza na Law School, Kifaransa jioni.