Mafundi wa seva Mombasa, bakapu msiyowahi kuirudisha ni ya nini?

Jamani, hili lisemwe waziwazi. Ofisi za kliaringi, hawa wa kutoa mizigo bandarini, kuanzia Moi Avenue hadi Shimanzi zalipa watu wa IT kila mwezi, lakini ukifungua seva ni aibu tupu. Bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, ipo, naam. Iko kwenye D, na D yenyewe ni kipande cha diski ile ile yenye C! Diski ikifa, vyote vyenda pamoja.

Ukiuliza, jibu ni "kuna RAID". RAID, yaani diski kadhaa zinazoandikwa kwa pamoja, yakukinga diski moja ikiharibika, basi. Karani akifuta faili, au virusi vya kudai pesa vikifunga data, uharibifu huo waandikwa papo hapo kwenye diski zote.

Kanuni mwaijua: nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja iwe nje ya jengo. Sasa ile diski ya nje mwaichomeka Januari na kuiacha hapo mwaka mzima ya nini? Virusi vikiingia, nayo yafungwa. Nakili, chomoa, ipeleke kwengine.

Halafu majaribio, hapa ndipo uvivu wenyewe ulipo. Alama ya kijani ya programu ya bakapu yasema faili imeandikwa, haisemi itafunguka. Chukua kompyuta nyingine, rudisha hifadhidata humo, fungua ankara za jana, linganisha jumla, pima muda. Ikiwa ni masaa kumi, mwenye ofisi aambiwe mapema, maana kontena likipitisha siku zake za bure bandarini, gharama hazingoji seva ipone.

Baya zaidi ni poti 3389, mlango wa kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, kuachwa wazi kwa intaneti nzima, eti bosi apate kuingia akiwa kwake Nyali. Bosi hajui hatari hiyo, wewe ndiye wa kumkatalia na kumwekea VPN, njia iliyofichwa ya kuingilia mtandao wa ofisi. Aking'ang'ania, mwandikie barua pepe umweleze, uamuzi ubaki kwa maandishi. Fundi wa "sawa bosi" kwa kila kitu ni tarishi mwenye laptopu.

Na data za wateja zikivuja kwa namna ya kuwadhuru, sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 yataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Mtamwambia nani aliingia, ilhali ofisi nzima yatumia akaunti moja ya "administrator" na nywila imebandikwa kwenye skrini?