Mzazi aliyemtelekeza mtoto: kosa lake tulipimeje?

Ndugu zangu, kila akikutwa mtoto aliyedhoofu kwa njaa au aliyefungiwa ndani peke yake, kilio ni kimoja: adhabu iongezwe. Hasira hiyo naielewa, hata mimi huipata. Ila naona tunabishania miaka ya kifungo na kuliacha swali lenyewe: ni nini hasa tunachokiita kosa?

Tazameni Uingereza. Sheria ya watoto ya 1933 inayotumika England na Wales inamtia hatiani mlezi anayemtelekeza mtoto "kwa makusudi", na kifungo kinafika hadi miaka 14. Kwa muda mrefu mzazi alipimwa kwa kile ambacho mzazi mwenye busara angefanya. Mwaka 1980 ikafika kesi ya mtoto wa miezi 16 aliyekufa kwa baridi na utapiamlo. Wazazi wake walikuwa watu wa hali duni na uelewa mdogo. Majaji 3 dhidi ya 2 wakaamua kwamba haitoshi kuonyesha mtoto hakupelekwa kwa daktari. Lazima ithibitike mzazi alijua mtoto anahitaji matibabu, au hakujali kama anahitaji. Mwaka 2015 yakaongezwa wazi katika sheria hiyo madhara ya kisaikolojia, na hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Mtoto anaweza kushiba na bado akatelekezwa.

Sasa niwape ninachokijua mwenyewe. Jirani yangu wa zamani alikuwa akilea peke yake na kufanya kazi zamu ya usiku. Binti yake wa miaka saba alilala peke yake. Nilipoingia kwao niliona namba ya simu ya mama imebandikwa ukutani, chini kabisa, usawa wa macho ya mtoto, tarakimu kubwa kubwa. Asiyejali habandiki namba pale. Alichokosa ni mtu wa kulala na mtoto, na hakuna aliyemuuliza hilo kabla ya kumpeleka polisi.

Mtaniambia umaskini usigeuzwe kisingizio. Kweli kabisa, na yupo mwenye uwezo anayemnyima mwanawe chakula. Huyo ashitakiwe bila huruma. Lakini Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao kifungu chake cha 19 kinataka mtoto alindwe dhidi ya kutelekezwa, katika kifungu cha 27 unaitaka serikali iwasaidie wazazi kwa kadiri ya uwezo wake. Basi sheria imtake mwendesha mashitaka aonyeshe kwamba mzazi alikuwa na uwezo, au aliletewa msaada akaukataa. Faini ifutwe kwa kosa hili, maana inalipwa kwa chakula cha mtoto yule yule.

Kinachonitatiza ni hapo kwenye kukataa. Wazazi wengi humfungia mlango afisa ustawi wa jamii kwa hofu ya kunyang'anywa mtoto. Je, huko nako tukuhesabu kuwa ni kutojali? Mliofanya kazi hiyo, naomba mnijibu.