Tupeane uzoefu: nani kwenu mzee alikuwa na kadi mbili?

MwanaPongwe: Jana tukifagia chumba cha marehemu babu tumefungua mkebe wa majani ya chai. Ndani kadi ya TANU, chama kilichodai uhuru, na ya chama cha wafanyakazi wa mkonge, zimegandana kwa unyevu. Waliokulia kambini, mwageni.

Ngamiani12: Kwetu pia! Ya TANU ilifichwa darini.

KoronaKwetu: Umenitonesha. Babu yetu alikuwa manamba, kibarua wa mkataba, Mbena, kaletwa na SILABU, ofisi ya mashamba ya mkonge ya kuleta vibarua. Kipande chake, kadi ya siku alizofanya kazi, hadi siku 30 zijae ndipo alipwe. Mwaka 58 wakagoma. Alfajiri nyapara akagonga kile chuma cha reli, akagonga weee, hakutoka mtu. Siku ya tatu posho ikakatwa. Bibi mimba imetimia. Uchungu ukamshika usiku, zahanati ya shamba ikamjibu mumeo arudi kukata mkonge kwanza. Akajifungulia sakafuni kambini, juu ya katani iliyochomolewa korona, mashine ya kusindika mkonge, kibatari kinazimika kila upepo ukivuma. Mkunga wa Kidigo akafunga kitovu kwa uzi wa katani hiyohiyo, mtoto akamwita Shida. Ndiye mama yangu.

Ngamiani12: Nimepitiliza kituo cha daladala.

MzeeRaskazone: Pole kwa bibi. Ila msichanganye siasa na vyama vya wafanyakazi. TFL ya 1955, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, haikuwa tawi la TANU. Watumishi wa serikali walikatazwa TANU. Rashidi Kawawa mwenyewe, kiongozi wa TFL, aliacha kwanza kazi ya serikali.

Mtetezi_wa_Juzi: Kawawa huyohuyo akiwa Waziri Mkuu 1962 ndipo sheria ya kubana migomo ikapita. 1964 TFL ikavunjwa, ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi chini ya serikali.

MzeeRaskazone: Wanajeshi wameasi, wewe ungefanyaje?

Mtetezi_wa_Juzi: Shikamoo mzee, maasi ni Januari 1964. Sheria ilitangulia. Halafu Martin Luther King aliuawa Memphis, Marekani, 1968 alikokwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma. Naye alichanganya?

Ngamiani12: Mama Shida yu hai?

KoronaKwetu: Yupo Muheza, anauza machungwa. Jina hilo ukimwita hageuki.

BintiKorogwe: Kadi zipelekwe makumbusho ya Urithi, Tanga mjini.

MzeeRaskazone: Zisiende popote. Zianikwe kivulini, zitiwe kwenye bahasha kavu.

Ngamiani12: Zibandue kwa mvuke wa birika 😂

BintiKorogwe: Usimsikilize huyo, wino utamwagika!

MwanaPongwe: Nimeshajaribu kisu. Ya TANU imechanika pembeni. KoronaKwetu, na kile chuma cha reli?

KoronaKwetu: Kipo. Kinaning'inia kwenye mwembe wa shule ya msingi. Saa moja na nusu kinagongwa, watoto wanakimbia mstarini.