Kosa la filamu au kosa la TV? Tusemezane ukweli kuhusu Tenet, The Hobbit, Squid Game na nyinginezo

Jicho_Kavu ameandika:

Wakuu, tuseme ukweli bila kuoneana haya. Kuna kazi zinasifiwa kila kona lakini mimi zimenichosha, na kabla sijazitupa kabisa nataka kujua tatizo liko wapi: kwa waliozitengeneza au kwenye kioo changu.

Game of Thrones, msimu wa 8, sehemu ya 3, ile vita ya usiku. Dakika 82 za giza. Wapanda farasi wanaondoka na panga zinazowaka, moto unazimika mmoja mmoja kwa mbali, na hiyo ndiyo picha pekee niliyoielewa. Baada ya hapo ni vivuli vinagongana, na angani naona viraka vya miraba ya kijivu. Tenet ina picha safi ila mazungumzo hayasikiki. Ukiongeza sauti, mlipuko unaofuata unatikisa madirisha. The Hobbit ya kwanza (2012) inaonekana kama igizo la studio, ndevu za bandia zinajitangaza zenyewe. Squid Game nimeitazama kwa sauti ya Kiingereza, uigizaji nikauona mkavu. The Wire nimeipenda mno, ila naambiwa nimetazama toleo lisilo sahihi. Chernobyl tu ndiyo sina la kulalamika: sehemu 5, hakuna dakika ya kujazia.

TV ni LED inchi 55, mtindo wa picha ni Vivid, sauti inatoka spika za TV yenyewe, natazama kwa intaneti kupitia kisanduku kilichochomekwa kwenye TV kwa waya wa HDMI. Nirekebishe nini, na kipi kibovu kweli?

FundiKioo amejibu:

Mkuu, anza na huo mtindo wa Vivid. Umetengenezwa ili TV ivutie macho dukani chini ya taa kali, si kwa filamu. Unapandisha mwanga wa nyuma hadi juu kabisa, unasukuma rangi kuelekea buluu na kuongeza ukali wa bandia kwenye kingo. Kwenye LED, mwanga huo hupenya hadi sehemu zinazotakiwa kuwa nyeusi, na weusi unageuka kijivu. Vita ya usiku haiwezi kupona hapo.

Badili uende Cinema, Movie au Filmmaker Mode. Mwanzoni picha itaonekana ya manjano. Vumilia, baada ya dakika kumi jicho litazoea na ukirudi Vivid utaona jinsi ilivyokuwa na ubuluu. Kisha zima kihisi kinachopunguza mwanga chumba kikiwa giza, kwa sababu ndicho kinachozima picha pale unapoihitaji. Ukali (Sharpness) shusha hadi mahali ambapo TV haiongezi chochote. Kwa TV nyingi ni 0, ila Sony katikati yake ni 50, usiishushe hadi sifuri.

Halafu jambo ambalo wengi hulikosa, na kwa mtu mwenye kisanduku cha HDMI ndilo la kwanza kukagua. Video za filamu huhesabu weusi kuanzia namba 16 na weupe kuishia 235, na menyu huita hiyo Limited. Kompyuta huhesabu 0 hadi 255, yaani Full. Kisanduku kikituma 16 hadi 235 na TV ikasubiri 0 hadi 255, weusi unakuwa ukungu wa kijivu. Ikiwa kinyume chake, kila kilicho karibu na weusi kinamezwa: nywele, makoti meusi, farasi usiku. Ingia menyu ya kisanduku na ya TV, hakikisha pande zote mbili zimewekwa aina moja, Limited kwa Limited.

Ile miraba angani si ya mpiga picha. Kwenye giza, hatua za mwangaza zinazotumika ni chache, na programu ya kubana video huona sehemu zenye giza kama mahali pa kuokoa data. 4K ya intaneti mara nyingi huja kwa megabiti 15 hadi 25 kwa sekunde, wakati diski ya 4K inaweza kupita 80. Sehemu ile ile ikichezwa kwa diski, anga linakuwa laini na nyuso zinaonekana.

The Hobbit sasa. Ni kweli ilirekodiwa kwa fremu (picha moja moja) 48 kwa sekunde na kuonyeshwa hivyo kwenye baadhi ya kumbi. Lakini diski na intaneti zote hutoa toleo la fremu 24. Kwa hiyo ule ulaini wa igizo la studio unaouona nyumbani umetengenezwa na TV yako: inabuni fremu za katikati ambazo hazikurekodiwa. LG huita TruMotion, Sony huita Motionflow, Samsung huita Auto Motion Plus na kwa TV mpya Picture Clarity. Zima. Mwaka 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi video nzima kuwaomba watazamaji wazime kitu hicho, na walikuwa sahihi kabisa. Ukiitazama The Hobbit kwa 24, bado utakuta ni hadithi fupi iliyovutwa hadi filamu tatu, lakini ndevu zitatulia.

SpikaYaKati amejibu:

Naongezea upande wa sauti. Filamu za siku hizi huchanganywa kwa chaneli 5.1: mbele kushoto, kati, kulia, mbili za nyuma na moja ya besi. Karibu mazungumzo yote hukaa chaneli ya kati. TV yenye spika mbili zinazotazama chini inalazimika kuikunja chaneli ya kati ndani ya kushoto na kulia, humo humo zilimo milio ya magari na muziki. Sauti ya mtu inazama.

Fungua menyu ya sauti ndani ya filamu yenyewe: kama kuna chaguo la Stereo, lichukue badala ya 5.1. Kwenye kisanduku weka PCM (sauti isiyobanwa) au Stereo. Washa hali ya usiku, ambayo hupunguza pengo kati ya mnong'ono na mlipuko, kisha punguza besi hatua mbili au tatu. Herufi kama s, f na t ziko kwenye masafa ya juu, na besi ikizidi ndizo zinazofunikwa kwanza. Ndiyo maana unasikia kwamba mtu anaongea lakini hushiki neno.

Ukinunua spika ya upau (soundbar), tazama namba ya kwanza, ambayo ni idadi ya chaneli bila ile ya besi. 2.1 haina spika ya kati. 3.1 inayo. Pandisha ya kati kwa desibeli 2 hadi 4. Ukipita 6, sauti za watu zinaanza kusikika kama zimetoka ndani ya boksi.

Hata hivyo Tenet haitaponywa na setingi. Mwongozaji wake, Christopher Nolan, hapendi kurudia mazungumzo studio, anataka sauti ya siku ile ile ya kurekodi. Tazama tukio la kwenye mashua za mashindano: upepo, maji, watu wamevaa helmeti, na maelezo muhimu ya hadithi yanasemwa humo humo. Hilo ni kosa la uamuzi, nalisema nikiwa naheshimu kazi zake nyingine. Maelezo ya namna muda unavyorudi nyuma ndiyo mhimili wa filamu. Huwezi kuyafunika na kelele kisha ukamtaka mtazamaji afuate. Weka manukuu (maandishi ya mazungumzo chini ya picha) bila kusita.

Mwanamanukuu amejibu:

Kwa Squid Game ni rahisi: rudi kwenye sauti ya Kikorea. Mwigizaji mkuu Lee Jung-jae alishinda tuzo ya Emmy mwaka 2022 kwa uigizaji ule, na ukimsikiliza kwa koo la mtu mwingine umekosa nusu ya kazi yake. Angalia pia manukuu unayochagua. Kwenye orodha ya Kiingereza yapo mawili. Yenye alama CC hufuata ile sauti ya Kiingereza iliyotiwa, ambayo maneno yake yamekatwa au kurefushwa ili yalingane na midomo. Yasiyo na alama hiyo ndiyo yaliyotafsiriwa kutoka Kikorea. Ukichanganya sauti ya Kikorea na CC, utaona mtu anaongea sentensi ndefu na chini kuna maneno mawili.

The Wire hukukosea, dada (au kaka). Ilitengenezwa kwa umbo la 4:3 (karibu na mraba) na kurushwa kuanzia 2002 hadi 2008, na mwaka 2014 kituo chake, HBO, kikatoa toleo la 16:9 (pana kama TV za sasa). Kwa kuwa ni filamu ya milimita 35, pembeni kulikuwa na picha ya ziada ya kutumia. Baadhi ya matukio yamenufaika, mengine yamelegea kwa sababu watu waliopangwa wabanane sasa wana nafasi tupu pembeni. Madhara makubwa hutokea pale juu na chini panapokatwa. Katuni ya The Simpsons ilipoingia huduma ya Disney+ mwaka 2019, sehemu za zamani zilikatwa hivyo, na mzaha wa kiwanda cha bia ukafa: mapipa matatu yenye majina tofauti yanajazwa na bomba moja, na bomba lilikuwa juu, kwenye sehemu iliyokatwa. Baadaye waliweka chaguo la umbo la asili. Kwa hiyo kwenye TV acha mistari myeusi ibaki, usivute picha ijae kioo.

Mshumaa amejibu:

Nakubaliana na FundiKioo kuhusu setingi, ila sikubali kwamba vita ya usiku inaokolewa na diski. Giza si tatizo lenyewe. Barry Lyndon ya 1975 ina matukio yaliyowashwa kwa mishumaa tu, yakarekodiwa kwa lenzi za Zeiss zenye uwazi wa f/0.7 (mpana mno, unaoingiza mwanga mwingi), na unaona kila uso. Sababu ni kwamba ndani ya fremu kuna kitu kinachong'aa, na jicho linapima giza kwa kulinganisha na ule mwali. Vita ile ina nyakati kama hizo, panga zinazowaka na handaki la moto, na ndizo zinazofanya kazi. Katikati yake ukungu na dhoruba vinafuta kila alama, hujui ukuta uko upande gani wala nani yuko karibu na nani.

Tena kuna ufupi. Misimu sita ya kwanza ya Game of Thrones ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja, wa saba ukawa na 7, wa nane 6. Safari zilizokuwa zikichukua nusu msimu zikaanza kuisha kati ya tukio na tukio. Hilo hakuna rimoti inayolirekebisha.

Chernobyl naisifu pamoja nawe. Hildur Guðnadóttir alitengeneza muziki wake kwa sauti zilizorekodiwa ndani ya mtambo wa nyuklia nchini Lithuania, na ndiyo maana hujui muziki unaanzia wapi na mashine inaishia wapi. Dosari moja: mwanasayansi Khomyuk hakuwepo kihalisia, ni mhusika mmoja aliyebeba wanasayansi wengi, na mwishoni wanasema hivyo wenyewe. Matokeo yake kila hoja ngumu inatoka mdomoni mwake, na baadhi ya mijadala inakuwa miepesi kuliko inavyostahili.

Jicho_Kavu ameandika:

Shukrani wakuu. Nimeweka Cinema, HDMI zote Limited, ulaini nimezima. Tofauti ni kubwa. Ila sasa kamera ikipita taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, picha inarukaruka. Hilo nalo ni la TV?

FundiKioo amejibu:

Nusu yake, ndiyo. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde na kisanduku chako kinatuma 60. 60 haigawanyiki sawasawa kwa 24, hivyo fremu moja inaonyeshwa mara tatu na inayofuata mara mbili. Mwendo unakuwa wa kuchechemea. Kwenye kisanduku tafuta chaguo la kulinganisha kasi ya fremu na video, liwashe, kitume 24. Kioo kinachobadilisha picha mara 120 kwa sekunde kitaonyesha kila fremu mara tano, sawasawa.

Pima kwa majina ya mwishoni yanayopanda juu: yakipanda kwa mwendo mmoja, umemaliza. Mruko utakaobaki kwenye picha za kamera inayopita kasi ni wa fremu 24 zenyewe. Wapiga picha hujilinda nao kwa kuhakikisha kitu hakivuki fremu kwa chini ya takriban sekunde 7, na asiyefuata hilo utamwona hata ukumbini. Kama unakukera sana, TV ikiwa na kipimo cha mruko peke yake, weka 1 au 2 kati ya 10 na kile cha ukungu wa mwendo kiache 0. Zaidi ya hapo ndevu za The Hobbit zitarudi.