Ngumi moja, kifo siku ya nne: nani anajibu?

Mwana_Birere: Ndugu zangu, mtu kapiga mwenzake ngumi moja, huyo akaangukia jiwe la volkano kwa kichwa. Hospitali ikachelewa kumpasua, akafa siku ya nne. Mpigaji anasema: "Daktari ndiye ameua." Sheria yetu ya Kongo (RDC) inasemaje?

Avoka_Goma: Ondoa ile ngumi: angekufa vile alivyokufa? Hapana. Basi ngumi ni sababu, hata kama jiwe na kuchelewa vilichangia. Kisha nia. Kama hakukusudia kuua, si kifungu cha 44 (kuua kwa makusudi), ni cha 48 (kupiga kulikoleta kifo bila nia ya kuua) cha Kanuni ya Adhabu ya 1940: kifungo cha miaka 5 hadi 20. Uzembe wa hospitali, ukithibitishwa, unaangukia vifungu 52 na 53 (kuua kwa uzembe), ila haumwokoi mpigaji.

Mama_Katindo: Na kama ni malaria tu ndiyo ilimuua?

Avoka_Goma: Hapo mama, mnyororo kati ya ngumi na kifo umekatika. Linabaki kosa la kupiga, kifungu cha 46 au 47. Ndiyo maana OPJ (afisa wa polisi anayechunguza makosa) amwandikie daktari achunguze maiti kabla ya mazishi. Familia zinazika haraka (zinaeleweka), halafu parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) haina cha kuonyesha, na shaka inamfaidi mshitakiwa.